Mfumo Usiosema Nani Kafuta

Hospitali ilipoletewa mifumo miwili ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Ule wenye cheti cha viwango aliukataa katakata. Ukirekebisha neno, neno la zamani linabaki, na jina lako pembeni, na saa.

"Huo si mfumo, huo ni mama mkwe," alisema, watu wakavunjika mbavu. "Tukikosea kidogo tuumbuliwe?"

Wakamsikiliza, ndio ubaya wenyewe. Wakachukua usio na cheti, unaofuta bila kuuliza, na wauguzi wakaupenda kufa.

Miezi minane baadaye daktari wa zamu, na haraka zake, alimchoma mtoto wa miaka minne sindano ya penisilini bila kusoma faili. Mtoto alivimba uso, akakata roho kabla ya adhuhuri. Muuguzi mkuu alikuwa ameuandika mwenyewe mzio wa mtoto kwa penisilini asubuhi ileile, mama mtu akimtajia. Alilia sana, ila moyoni alishusha pumzi. Faili lingemtetea.

Kwenye kikao cha uchunguzi faili likafunguliwa mbele ya wote. Mzio: hakuna. Chini yake, jina lake.

"Niliandika!" alipaza sauti. "Mtu kabadilisha!"

Daktari alikuwa akitazama kucha zake. Fundi wa mfumo akaulizwa kama inaweza kujulikana nani kagusa nini. Akajikuna kichwa.

"Ule mwingine ungeonyesha. Huu hauonyeshi. Si ndivyo mlivyotaka?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Leseni ya muuguzi ya miaka kumi na tisa ilikuwa inamponyoka hivi hivi, anaiona. Akaomba aitwe mama wa mtoto, shahidi pekee aliyebaki.

Mama aliingia na nguo zilezile za msibani. Akasomewa faili. Akauliza nani alilijaza, akaonyeshwa jina.

"Mama, waambie," muuguzi alimsihi. "Waambie kwamba ulinitajia."

"Nilimtajia," mama akasema. "Mara mbili. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshaandika." Kisha akamgeukia. "Kumbe hukuandika, dada. Umeniulia mwanangu."

Mama akaangua kilio. Daktari akainuka upesi, akamvutia kiti.