Choroko za Dada

Mektilda alikuwa na jambo moja tu la kujivunia maishani, nalo lilifungwa kwenye pakiti za kilo moja. Unga wake wa lishe, wa mahindi, karanga na choroko, ulipikwa uji karibu kila nyumba yenye mtoto pale Somanda. Kwenye pakiti aliweka picha ya mjukuu wake Joyness akicheka, mashavu yamejaa, na chini yake maneno: Safi Kama wa Nyumbani. Wenzake walinunua choroko mnadani, za yeyote yule. Yeye alizitoa kwa mdogo wake wa damu, Januarius, huko Kasoli, na habari hiyo aliwasimulia hata wasiomuuliza.

Basi majibu ya maabara yalipokuja, alidhani wamekosea jina. Sampuli alizipeleka mwenyewe, kwa hiari yake, akitafuta alama ya ubora. Afisa alimsomea taratibu. Mahindi salama. Karanga salama. Choroko zina mabaki ya dawa ya kuua magugu, kupita kiwango kinachoruhusiwa.

"Hebu rudia, baba," alisema Mektilda. Afisa akarudia.

Asubuhi iliyofuata alipanda bodaboda kwenda Kasoli. Njia nzima alitafuta wa kumlaumu: jirani mwenye pamba, upepo, ghala chafu. Yeyote, mradi asiwe Januarius.

"Mwangaluka, dada!" Januarius alimpokea kwa furaha.

"Mwangaluka. Choroko zangu ulizipiga dawa gani?"

"Ya kuua majani," alijibu bila kusita. "Si unajua zinavyosumbua? Ganda hili limekauka, lile bado bichi, na mvua haingoji mtu. Ukipiga ile, zinakauka zote pamoja. Unavuna mara moja."

"Shamba lote ulipiga?"

"Aa, nilipata chupa moja tu. Nikapiga kipande chako." Akatabasamu. "Zetu tumechuma kwa mkono, migongo ikatuuma wiki mbili. Hazina hata sura. Nikasema za dada ziwe safi, zinaliwa na watoto wa mjini."

Matusi yote aliyoyabeba tangu mjini yalimwishia Mektilda mdomoni. Angemtukana vipi mtu aliyemchagulia kilicho bora, akala mwenyewe kilichobaki? Alimweleza majibu ya maabara, neno kwa neno. Januarius alisikiliza huku tabasamu likimtoka polepole.

"Joyness naye anakula unga huo?" aliuliza.

"Kila asubuhi."

Januarius akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akashika kichwa.

Mektilda hakukaa. Alirudi Somanda, akapita duka hadi duka akiondoa pakiti zake, kisha nyumba hadi nyumba. Aliona aibu, aibu kubwa, lakini hakupindisha maneno. Flora wa saluni alimrushia pakiti miguuni na kumwita muuaji. Mektilda aliinama akaiokota. Maneno hayo alikuwa ameyatarajia, na kwa namna fulani yalimpunguzia mzigo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Lucy. Huyu ndiye binti ambaye mwanawe Yakobo alikuwa amedhoofika mpaka kliniki wakaogopa, na Mektilda akawa anampelekea unga bure, pakiti baada ya pakiti, miezi mitatu.

"Karibu, mayu!" Lucy alimkimbilia. "Umetuletea mwingine? Ule umekwisha jana. Jamani, anaupenda huyu! Akimaliza analamba na bakuli."

Mtoto alikuwa mkekani, akichezea pakiti tupu, akiipigapiga picha ya Joyness kwa kiganja. Hasira ya Flora, Mektilda aliweza kuibeba. Shukrani hii ilimlemea.

"Mbebe umwone alivyo," Lucy alisema, akamwekea Yakobo mikononi.

Alikuwa mzito. Miezi mitatu nyuma alikuwa mwepesi kama kanga iliyokunjwa, na sasa Mektilda alilazimika kumshika kwa mikono miwili. Mtoto akamwegemea shingoni, akatulia.

"Lucy, mwanangu," alisema Mektilda, machozi yakimtoka, "kaa chini kwanza."