Tundu la Mpini

Tangu miguu imgomee, Baba hakuwahi kushuka kutoka ghorofani. Kubebwa hataki. Alituambia mara moja tu kwamba yeye si gunia, na Baba akishasema, amesema. Dunia yake ikabaki kitanda, kiti na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Yangu mimi bintiye ikawa kupanda na kushuka na sinia. Nilichoka, sifichi.

Kaka yangu ni injinia, na akiwa na wazo hashikiki. Aliamua Baba apate kiti cha umeme kinachoteleza kwenye reli kando ya ngazi, ashuke mwenyewe hadi mlangoni. Rafiki yake alikichora kwenye kompyuta, fundi chuma wa mtaa wa pili akakubali kukiunda. Kaka alibakiwa na kazi ya kuhakikisha kwamba bamba linaloshika mota litahimili uzito.

Kwa kazi hiyo, programu yake lazima iligawe bamba zima kuwa wavu wa pembetatu ndogondogo, ndipo ipime. Ikagoma. Mchoro ulikuwa umetoka kwenye programu nyingine, na katika kuhamishwa kingo zake zikaachana. Kaka akahamia kwenye meza yetu ya chakula. Alikuza pembe moja ya bamba mpaka ikajaa kioo kizima, na hapo tu ndipo mwanya ulipoonekana, mwembamba kuliko unywele. Akauziba. Doa jekundu likatokea kwingine: nyuso mbili zimelaliana. Akafuta mmoja, doa likahamia upande wa pili. Chai ilipoa mbele yake, kesho yake ikapoa nyingine. Nikamtania kwamba hata Baba huko juu ana uhuru kuliko yeye. Baba naye kila asubuhi aligonga sakafu kwa fimbo kuuliza kama kiti kiko tayari, nami nikahisi kuta za nyumba ile zinanisogelea.

Mwishowe Kaka akayageukia matundu. Wavu ulikuwa unavurugika kuzunguka kila tundu dogo, na matundu yale, alinieleza, hayabadilishi kitu kwenye uzito. Wenzake wote huyaziba kabla ya kupima. Akayaziba yote. Wavu ukakubali, bamba likafaulu. Alikuja jikoni akanikumbatia mikono yangu ikiwa na sabuni, halafu, kwa furaha ileile, akamtumia fundi faili. Lilelile lenye matundu yaliyozibwa.

Fundi alijua bolti zinakaa wapi, akatoboa mwenyewe. Tundu moja hakulijua, maana kwenye mchoro aliopewa halikuwepo.

Siku ya kiti, Baba alivaa viatu. Alianza kushuka taratibu, amekaa wima kama mgeni rasmi. Alipofika katikati ya ngazi, umeme ukakatika na breki ikajifunga, kama inavyotakiwa. Kaka hakubabaika. Alichukua mpini wa kuzungushia mota kwa mkono, akaupeleka nyuma ya kiti, kwenye bamba la mota, akapapasa. Akapapasa tena. Nikaona jasho linamtoka.

"Tundu la mpini liko wapi?" nikamuuliza.

"Nililiziba."

Tulimpigia fundi aje alitoboe, naye akasema drili yake pia inataka umeme. Hasira zikanipanda, nikamtukana kaka yangu mbele ya baba yetu, jambo nisilowahi kulifanya. Kaka alipiga magoti kwenye ngazi, akamsihi Baba akubali kubebwa mgongoni, juu au chini, achague mwenyewe.

Baba alikuwa hatusikilizi. Alikuwa anatazama chini, kwenye mlango wa mbele tuliouacha wazi kwa ajili yake. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, mmoja akasimama kufunga kamba ya kiatu, akaendelea.

"Niacheni hapahapa," akasema. "Hapa naona barabara."

Nikakaa ngazi ya chini yake, nikainamisha kichwa nisimzibie.