Trei za Kijani

Mama Miche aliingia karakana bila hodi, akamwaga mezani vipande vya trei iliyovunjika. Ndiye muuza miche aliyewaamini Fundi na mdogo wake kabla ya mteja mwingine yeyote, na leo udongo ulikuwa umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, uliniapia," alisema. "Ulisema itaoza ikishazikwa. Hii imenifia mikononi, miche yote chini!"

Kweli aliapa. Karakana hii ya trei za plastiki inayooza, ile ya wanga wa mahindi, Fundi aliianzisha na mdogo wake. Ukoo mzima unamwita Dogo, ingawa ana ndevu na kitambi. Fundi, ambaye Dogo humwita Dada, anaendesha mashine; Dogo anachanganya malighafi na kuwapaka wateja maneno matamu.

Tangu mwanzo walikuwa na desturi yao. Kila mchanganyiko mpya ukiyeyuka, hutolewa kwanza kijiti chembamba. Dada anashika ncha moja, Dogo ncha ya pili, wanakipinda pamoja. Kikirudi kunyooka bila kukatika, kazi inaanza, na kijiti kinatundikwa msumarini. Siku hizi Dogo alikuwa akisema, "Pumzika Dada, nimeshapinda mwenyewe." Na Fundi akamshukuru. Jamani, alimshukuru!

Sasa Dogo alichomoa kijiti cha msumarini, akakipinda mbele ya Mama Miche. Kilijikunja vizuri, kikajirudi.

"Unaona, mama? Malighafi yetu haina neno. Nadhani ni moto wa mashine. Dada siku hizi amechoka, anasahau."

Ndugu wa tumbo moja anampaka matope mbele ya mteja, tena kwa sauti ya huruma! Fundi alikwenda kwenye pipa la kona, akafunua kifuniko.

Humo ndimo huwekwa trei mbovu zilizokwisha kusagwa na kuyeyushwa tena mara moja. Walikubaliana kwamba hizo hazirudi mashinini kamwe. Zinangoja kufukiwa shimoni. Pipa lilikuwa tupu. Meno ya mashine ya kusagia yalikuwa yamejaa vumbi la kijani.

"Dogo, trei za shimoni ziko wapi?"

"Dada, plastiki ni plastiki. Kule kiwanda cha ndoo nilikofanya kazi tulisaga na kuyeyusha mpaka tukachoka sisi, ndoo wala hazikulalamika."

"Hii si ya ndoo! Hii kila ukiiyeyusha inaishiwa nguvu. Ikiwa na unyevu ndiyo kabisa. Inakatika kama biskuti, inageuka njano..."

Aliitazama trei mezani, ya kijani kibichi inayopendeza.

Rangi ile aliileta Dogo mwenyewe, siku Fundi aliporudi kazini baada ya kuugua. "Zawadi yako, Dada. Trei za miche zifanane na miche." Fundi alifurahi hadi machozi, akawasimulia majirani kwamba hakuna mwenye mdogo kama wake. Kumbe alivishwa kilemba cha ukoka, akakitembeza mtaani. Rangi ililetwa kuficha umanjano.

"Na hicho cha msumarini umekitoa kwenye punje mpya tupu za malighafi," alisema polepole. "Ukakitia rangi ileile. Ili nikipekua nikute kizuri."

Dogo alijitia hamnazo, akapangusa meza isiyo na vumbi.

Mashine ilikuwa ingali moto, na ndani yake mchanganyiko alioumimina Dogo asubuhi. Fundi alitoa kijiti kutoka humo, akasubiri kipoe, akamnyooshea ncha moja.

"Shika. Kama zamani."

Dogo alishika, maana Mama Miche alikuwa amemkazia macho. Walianza kupinda. Kijiti hakikufika hata nusu ya mkunjo; kilisema ta! na kila mmoja akabaki na kipande chake.

Hata wakati huo Fundi alikuwa anangoja. Neno moja tu la kweli, angemsamehe papo hapo, na machozi yalikuwa karibu.

Dogo alikitazama kipande mkononi mwake, kisha akamgeukia Mama Miche.

"Umeona mwenyewe, mama," alisema. "Dada kapinda kwa nguvu mno."

Fundi akazima mashine.