Tuta Nililolaza Majani Mwenyewe

Mke wangu Benadetha alifia njiani kwenda hospitali, kichwa chake pajani pangu, tukisubiri gari la wagonjwa ambalo tuliambiwa halina mafuta. Mazishini wakubwa walikuja na magari matatu. Yote yalikuwa na mafuta.

Kwa hiyo pikapu yangu kuukuu sikuinunua kwa ufahari. Binti yetu Ephrasia alikuwa mjamzito, na mumewe yuko Ngaka kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Nikasema huyu hatasubiri hisani ya mtu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu ajifungue, bomba la breki likaanza kuvuja. Jumamosi asubuhi nikaegesha kando ya shamba, kwenye mteremko, maana kwetu tambarare ni uwanja wa kanisa tu, na barabara tuliyoahidiwa bado iko kwenye makaratasi yao. Handibreki ilikufa zamani. Nikasogeza tairi za mbele zikagusa tuta la ngolo, yale mashimo ya shambani yanayokinga maji mlimani, nikatia gia, nikapiga jeki nyuma, nikang'oa tairi moja, nikaingia uvunguni.

Mara nikaona miguu ya Ephrasia, imevimba, imesimama kando.

"Baba, umezuia na nini?"

"Na tuta. Babu zako waliushika mlima huu mzima kwa matuta. Litashindwa pikapu?"

"Babu hawakuwa na pikapu. Toka kwanza."

"Nenda kapumzike, mama. Usimchoshe mjukuu wangu."

"Huyo mjukuu atakukuta wapi? Tuta hilo mwaka huu nani kalifunika?"

Kwetu mwanaume hufyeka majani na kuyalaza, mwanamke huyafunika udongo. Nililaza mimi, alifunika Ephrasia.

"Udongo wenyewe unene wa kiganja," akasema. "Ndani ni majani, na yameshaoza. Hilo linazuia maji, siyo gari. Toka, ama naingia humo na tumbo hili."

Nilitoka nikilaani wakubwa, barabara na watoto wa siku hizi. Sijamaliza kujikung'uta, pikapu ikaguna. Tuta likabonyea, gari likateleza hatua moja, jeki ikalala. Kofia yangu niliyoiacha humo ikabanwa chini ya difu ya ekseli ya nyuma, bapa kama chapati.

Ephrasia akakaa chini, akalia. Mimi nikatafuta wa kumlaumu. Diwani hakuwepo. Mbunge hakuwepo. Jeki nilipiga mimi.

Jirani yangu Urbani alikuja na vijana, wakainyanyua, tukarudisha tairi, tukaishusha kwa kamba mpaka uwanja wa kanisa. Safari hii Ephrasia alikaa kwenye kiti, kama mkaguzi.

"Umezuia na nini?"

"Mawe mbele na nyuma ya kila tairi, mheshimiwa. Gogo chini ya fremu. Na tairi niliyong'oa nimeilaza hapo, jeki ikikataa gari liangukie mpira, siyo mbavu."

"Baba Urbani, hebu isukume."

Urbani akasukuma mpaka akajamba, vijana wakavunjika mbavu. Gari halikutikisika. Ndipo nikaingia.

Wiki tatu baadaye uchungu ulimshika asubuhi, tukashika njia ya Mbinga. Makorongo ni yale yale, aibu yao. Tulipofika pale alipofia mama yake, nikakanyaga breki. Zikashika.

"Baba, mbona unasimama?" akaguna Ephrasia. "Twende!"

Nikatia gia, tukaenda. Jua lilikuwa bado halijafika utosini nilipomsikia mjukuu wangu akipiga kelele ndani ya wodi, kwa sauti ya mtu mwenye madai.