Turubai la Justa

"Turubai limefungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, masufuria makubwa yametolewa. Unataka nikuletee na maiti ndiyo uamini?" Zipora alimwuliza Mwaisha pale bombani, mkono kiunoni.

Mwaisha naye si mtu wa kushindwa. Alisema yeye ni Muislamu lakini misiba ya Wakristo anaijua, na tangu lini mtaa wetu hapa Geita mtu akafa bila kilio? Zipora akasema kilio cha nini, Justa ana selimundu tangu azaliwe, watu walishamlilia moyoni zamani. Sisi wengine tuliweka ndoo chini tukasikiliza. Ugomvi wa wale wawili ni mtamu kuliko redio.

Zipora alishinda, maana ndiye aliyekuwa na salio. Alikuwa ameshampigia Nkwabi, kaka yake Justa, kule Tinde, akamwambia njoo umzike dada yako.

Basi tukajifunga kanga, tukabeba unga na kuni, tukaenda. Tulipolikaribia turubai tukaanza kulia kwa sauti, kama inavyotakiwa. Mlango ukafunguka, akatokea Justa mwenyewe, kisu mkono huu, kitunguu mkono huu.

"Poleni jamani," akasema. "Nani amefariki?"

Mwaisha alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Justa akatueleza taratibu, akipumzika katikati ya maneno, kwamba hiyo ni shughuli ya shukrani. Kwaya ya kanisani kwake inakuja kuimba, na sisi majirani alitaka kutupitia mlango kwa mlango, ila magoti yalimkatalia. Zipora akampigia Nkwabi upya. Simu imezimwa, alishapanda basi.

Unga wetu wa msiba ukaingia jikoni, kuni zikawaka, kwaya ikafika ikaimba.

Alasiri Nkwabi akaingia uani, mrefu, macho mekundu, jembe jipya begani. Habari zake nani asiyezijua? Justa alipobatizwa na kukataa kuwatambikia masamva, mizimu ya kwao, Nkwabi aliapa hatavuka kizingiti chake mpaka dada yake atakapotambika. Na kiapo alikishika. Kila alipokuja alisalimia akiwa uani, akaacha mchele, akaondoka.

Alipomwona dada yake amekaa kwenye kiti, hatua chache ndani ya mlango, jembe lilimponyoka. Zipora akajificha nyuma yangu, ikabidi mimi nimweleze kwamba hapana msiba, ni shukrani.

"Kwa hiyo umepona?" Nkwabi aliuliza kama mtoto anayeomba.

"Sijapona, kaka. Juzi nimelia mpaka sauti ikakauka."

"Sasa unashukuru nini?"

Mwaisha aliyekuwa anapakua mchuzi alibaki na upawa hewani.

"Wewe ulisema ni masamva wananitesa," Justa alisema. "Wengine wakasema imani yangu ndogo, ndiyo maana siponi. Kila maumivu yakija nikawa namwuliza Mungu, nimekukosea nini? Siku moja nikiwa wodini nilichoka kuuliza. Nikamwambia tu, Yesu, kaa hapa. Akakaa. Maumivu hayakuondoka, Nkwabi, na yeye hakuondoka. Dawa nameza, kliniki naenda, yakinibana nalia. Ila siogopi tena. Ndicho ninachoshukuru."

Mimi naishi ukuta mmoja na yule mwanamke. Nimemsikia akiugulia miaka na miaka, nikadhani hakuna chake nisichokijua. Ile amani usoni pake sikuwahi kuiona. Au niliiona nikadhani ni uchovu.

Nkwabi alitikisa kichwa, ameganda pale pale nje ya mlango. "Niliapa, Justa."

"Najua, kaka."

Hapo ndipo kwenye mgodi wa dhahabu, jirani na mtaa wetu, wakalipua baruti. Sisi tumeshazoea. Ardhi inanguruma, mabati yanalia, sahani zinagongana, nawe unaendelea na mazungumzo yako. Mtu wa Tinde atajulia wapi? Nkwabi aliona nyumba inamwangukia dada yake. Akaruka kizingiti kwa hatua moja, akamkumbatia, akamfunika kwa mwili wake wote mrefu, akafumba macho kungoja paa lishuke.

Paa halikushuka. Vumbi kidogo tu lilimwagikia koti lake. Justa, kichwa chake kikiwa kimezama kifuani mwa kaka yake, hakushtuka wala kujitoa. Alikuwa akimpapasa mgongo polepole. Hakuna aliyecheka, hata sisi tunaocheka kila kitu. Mwaisha alinong'ona "Subhanallah," na upande wa kwaya mtu akaitikia "Amina."

Nkwabi alifumbua macho. Aliona kitanda cha dada yake, meza, makopo ya dawa dirishani. Akaitazama miguu yake, akaona iko wapi. Akageuka kutaka kutoka.

Justa alikuwa bado ameshika pindo la koti lake.

"Vua viatu, kaka," akasema. "Kaa hapa karibu yangu. Chakula kimeiva, karibu tule."