Mlezi Wetu Hayumbi

Kaka yangu alikuwa anapinda suruali ya askari, mdomo umejaa pini, na mdomo huohuo ndio uliotakiwa kuimba. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu aliyebana pini kwa midomo akitaka kusema "zi", meno yanaukalia mdomo wa chini na kinachotoka ni "vi". Kwa hiyo wimbo ulipofika kwenye neno "mlezi", kaka, kwa ile sauti yake nene ya kutokea tumboni, aliimba "mlevi".

Aliimba kwa moyo wote. Hakusikia alichosema.

Mpiga pasi ndiye aliyesikia wa kwanza. Aliweka pasi ya mkaa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akakaa juu ya rundo la mashati na mabega yakaanza kumtetemeka.

Karakana yetu ilikuwa ghala la zamani la nafaka. Vita vilikuwa mbali nasi, huko mpakani, lakini kila alichovaa askari kilipita mikononi mwetu. Mkataji alikata, kaka alishona na kupinda, mimi nilitia vifungo, na mpiga pasi alinyoosha. Wote tulikuwa vijana, isipokuwa Mama Fundi aliyetusimamia, ambaye utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata alipokwenda msibani.

Mkuu wa nchi, ambaye zamani aliitwa mheshimiwa kama waheshimiwa wengine, alikuwa amejipa cheo kipya. Aliitwa Mlezi. Picha yake ilitundikwa ukutani juu ya cherehani ya kaka, na redio ilimtaja kabla ya habari na baada ya habari. Kisha ikaja amri kwamba kila karakana iunde kwaya ya kumsifu. Kamanda wa wilaya angepita kusikiliza. Kwaya ikimpendeza, vijana wake wa kiume wangehesabiwa kuwa wanalitumikia taifa hapohapo walipo. Isipompendeza, wangepanda lori siku hiyohiyo kwenda mpakani.

Kwetu vijana wa kiume walikuwa wawili tu, mpiga pasi na kaka. Na nyumbani kaka ndiye tuliyebaki naye. Kaka yetu mkubwa aliondoka na lori la kwanza kabisa, na tangu hapo hatukupata barua wala salamu. Mama alikuwa ameacha kuuliza. Huyu wa pili alikuwa ameshamposa Mkataji, naye Mkataji alikuwa ameanza kuniita wifi kabla hata mahari haijasemwa, akidai kwamba mavuno ya kesho hupaliliwa leo.

Sasa wimbo wenyewe, ulioletwa kutoka ofisini ukiwa tayari, ulikuwa hivi:

Mlezi wetu hayumbi,
Mlezi wetu halali,
Hutuongoza njiani,
Nasi twafuata nyuma.

Msomaji abadilishe mwenyewe herufi ile moja, aone kama ataweza kufika mstari wa nne.

Mkataji hakufika. Aliegemea meza ya kukatia, mkasi mkononi, akasema kwamba ni kweli mtu huyo halali, maana vilabu havifungwi. Mpiga pasi akajibu kutoka kwenye rundo la mashati kwamba njia yenyewe anaiona mbili, na sisi nyuma tuamue wenyewe tufuate ipi. Kaka akatema pini kiganjani na kuuliza kuna nini, kwani amekosea sauti? Tulipomweleza, alifunika uso kwa suruali ya askari na hakuutoa kwa muda mrefu.

"Fungeni madirisha," alisema Mama Fundi.

Tuliyafunga. Alitukumbusha habari za jirani yetu wa karakana ya viatu, aliyepiga miayo wakati hotuba ya Mlezi ikisikika redioni. Miayo tu. Watu wawili walikuja wakamwomba aongozane nao mara moja, na kile kiti chake mpaka leo hakina mtu. Jambo lile halikuwa mzaha. Halafu Mama Fundi akaturudisha kwenye wimbo. Alivuta pumzi ili atuanzishie, akatamka "Mle", na hapo akasimama. Shavu lake moja lilicheza. Aligeuka ukutani, akasema anatafuta chaki.

Kicheko kilichokatazwa ni kama upele. Ukijikuna unaenea, usipojikuna unaenea. Siku zilizofuata tuliimba bila pini mdomoni, na kila mtu alitamka "zi" kama nyuki, lakini haikusaidia kitu. Neno lilikuwa limeshaharibika. Kaka alijaribu kufikiria mazishi ya baba. Mkataji alijaribu kuuma ulimi. Mpiga pasi aliapa kwamba atakuwa anafumbua mdomo tu bila kutoa sauti, kisha akacheka bila kutoa sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuitazama. Mimi niliamua kutazama viatu vya mtu aliyesimama mbele yangu, mpaka kiatu kimoja kikaanza kutikisika.

Mama Fundi, ambaye alikuwa mtu wa sala, alitukusanya katikati ya cherehani akatuambia tuiname. Aliomba vizuri. Aliomba Mungu atuondolee roho ya kicheko, atupe nyuso za watu wazima, ailinde sauti ya kijana huyu isije ikamponza. Tukaitikia amina. Kisha yeye mwenyewe, akiwa bado amefumba macho, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Bwana, hayumbi jamani," na kikao kikavunjika.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko karakanani, maana mama hakujua lolote. Kila jioni, kabla ya chakula, alituombea, na tangu tukiwa wadogo sala yake ilianza kwa maneno yaleyale: Ee Mungu, mlezi wa wajane na yatima. Jioni moja kaka alitoa sauti kama chupa ya soda inayofunguliwa. Mimi nilijikaza kisabuni, lakini machozi yalinitoka. Mama alifumbua jicho moja.

"Mnamcheka Mungu?"

"Hapana, mama," alisema kaka. "Mungu hatumcheki kabisa."

Na ilikuwa kweli. Mama alitutazama kwa zamu, akasema kwamba baba yetu ana bahati kuwa amelala alikolala, kisha akaendelea na sala pale alipoishia. Baadaye, nikiosha vyombo, nilimweleza Mungu mwenyewe. Nilimwambia kwamba neno lile lilikuwa lake kabla mtu hajalichukua na kujivika, na kwamba ninamwomba alirudishe. Nikamwomba pia kaka asipande lori. Nilipofika hapo sikucheka tena.

Kamanda alikuja mchana, jua likiwa juu ya bati. Tulisikia lori kwanza. Lilisimama nje ya lango, injini ikinguruma, na kupitia upenyo wa mlango niliona vijana wa karakana ya viatu wameketi nyuma, wamepakata vifurushi. Kwaya yao haikupendeza.

Kamanda aliingia na askari wawili, waliobaki mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye buti za kung'aa na uso uliochoka. Mama Fundi alimpangusia kiti kwa kanga yake, lakini hakuketi. Alisema tu, "Haya."

Tulijipanga mbele ya meza ya kukatia. Mkataji alikuwa kushoto kwangu, amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kama mkasi. Kaka alisimama mwisho wa mstari.

Mstari wa kwanza ulipita. Mlezi wetu hayumbi. Herufi ilikuwa safi, Mungu ni shahidi. Lakini kwenye mstari wa pili nilihisi mkono wa Mkataji ukianza kutetemeka, na tetemeko lile likaingia mkononi mwangu, likapanda begani, likahamia kwa mpiga pasi. Hakuna aliyecheka. Tulibana. Tulibana mpaka pumzi ikawa haina pa kupita ila machoni, na machozi yakaanza kutiririka. Tuliimba "hutuongoza njiani" huku tunalia kama watu waliofiwa. Mama Fundi alipangusa pua kwa utepe wa kupimia.

Wimbo ulipoisha, Kamanda alivua kofia. Alisema kwa utulivu kwamba amezunguka wilaya nzima, amesikia kwaya nyingi zikiimba kwa mdomo, lakini hajaona watu wakilia. Kisha akamwendea kaka.

"Wewe kijana. Unalia nini?"

Kaka alipangusa machozi kwa kiganja.

"Afande," alisema, "kila nikimtaja, siwezi kujizuia."

Nilisikia goti la Mkataji likigonga mguu wa meza.

Kamanda alitikisa kichwa kwa huzuni njema. Nilidhani sasa atasema tumepita na aende zake. Badala yake alisema turudie, naye ataimba nasi. Maneno hakuyajua sana, hilo lilionekana, kwa hiyo alijisogeza karibu na sauti kubwa kuliko zote ili aifuate. Alisimama bega kwa bega na kaka yangu.

Tuliimba. Kaka, masikini, alikuwa ametumia nguvu zake zote mara ya kwanza. Ulimi hauna mfupa. Kwenye mstari wa pili, mbele ya askari wawili, chini ya picha, sauti yake nene iliimba mlevi wetu halali. Na pembeni yake, nusu pumzi nyuma, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuamrisha, Kamanda aliifuata herufi kwa herufi. Mlevi wetu halali.

Wimbo ulikatika kama uzi.

Lori lilikuwa bado linanguruma nje. Askari mmoja alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisicho na kohozi. Mwenzake alichunguza dari. Kamanda alimtazama kaka, na kaka akamtazama Kamanda, na sijapata kuona watu wawili wakitazamana hivyo, kama ndugu waliokutana njiani kila mmoja akitoka kuiba kwa mwenzake. Nilijua hesabu aliyokuwa akiipiga Kamanda. Kijana huyu amenisikia. Nikimpandisha lorini, siri itaondoka naye. Nilimwita Mungu kimoyomoyo, jina tu, sikuwa na nafasi ya zaidi.

"Umesikia nini?" Kamanda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia mlezi, Afande."

"Hata mimi nimesikia mlezi."

Akavaa kofia. Aliiweka sawa kwa muda mrefu kuliko kofia inavyohitaji, akifikiri. Mama Fundi, nadhani Mungu ndiye aliyemtia maneno kinywani, aliinua suruali moja kutoka mezani na kusema kwa heshima kwamba kijana huyu ndiye mpindaji wake pekee, ila kama anatakiwa kambini, basi aende, maana huko nako anaweza kuwafundisha askari kuimba.

Kamanda aligeuka. Niliona wazo likimwingia. Aliona kambi, na jioni za kambini, na vijana mia wasio na la kufanya wakizunguka moto, na katikati yao sauti hii nene ikiwasimulia ni nani aliyeimba nini bega kwa bega na yeye.

"Huyu abaki hapa," alisema. "Kambini kuna uimbaji wa kutosha."

Akatoka. Kwaya ilikuwa imepita, na vijana wetu wote wawili, mpiga pasi naye, walikuwa wamesalimika. Askari aliyekuwa anakohoa alikuwa wa mwisho kutoka, na alipofika mlangoni alitugeukia, akapiga saluti, nafikiri kwa kaka. Kisha lori likaondoka na wale vijana wa viatu. Mama Fundi alisimama langoni, utepe shingoni, akawaombea kwa majina yao mpaka vumbi likatua, nasi tukasimama nyuma yake. Hakuna aliyecheka.

Kicheko kilirudi tulipoingia ndani, ila kaka hakuweza kukitumia. Alikuwa amepatwa na kwikwi. Alikuwa amebana kwa muda mrefu mno, na kilichobanwa kilitafuta njia yake. Alikwikwika akitia uzi kwenye sindano, mpaka Mkataji akamnyang'anya sindano akamtilia yeye. Tulijaribu maji, tukajaribu kumshtua kwa kumpigia kelele mgongoni, lakini mtu aliyeshtuka vile siku ile hashtuki tena. Alikwikwika njia nzima ya kurudi nyumbani, na watu aliowasalimia njiani walipata salamu nusu nusu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameliona lori likipita barabarani, na hakujua limembeba nani. Alimtazama kaka kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaingia jikoni. Tulimfuata. Tukaketi. Aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na kaka akaikatiza kwa kwikwi mara mbili.

"Nikuletee maji, mwanangu?" aliuliza.

"Nimeshakunywa, mama, hai... haisikii."

"Basi iache," alisema mama, akampakulia. "Iache tu."

Akaketi karibu naye kuliko siku zote, mikono juu ya mapaja, bila kula. Kila kaka alipokwikwika, mama aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia hodi.