A au B

Mdogo wangu Marietha akipiga picha, lazima nyuma yake pawe na kitu cha kukuonyesha. Safari hii palikuwa na ukuta wa shule. Alimsimamisha binti yake Hope mbele ya ukuta uliopakwa rangi mpya, umeandikwa Shule ya Msingi Mtondoo kwa herufi kubwa, akaituma kwenye kundi letu la familia na maneno manne tu: "Hope kashika namba mbili." Pongezi zikamiminika kuanzia Masasi mpaka Pugu. Mimi niliweka dole gumba moja, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Nina wivu. Nasema mapema ili tusisumbuane. Marietha namzidi miaka mitatu, na mimi ndiye niliyemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti mchangani kule kwetu Masasi. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Zamu yake ilipofika, alichaguliwa. Leo yeye ni karani serikalini, anakaa Madale kwenye nyumba yake na mumewe Valerian, na mimi nashonea watoto wa wenzangu sare huku Mbagala, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Hajawahi kunidharau hata siku moja. Angenidharau ningepata pa kumshikia.

Sasa mume wangu, Gervas, ni mchongaji pale Mwenge. Kila siku anaamka jogoo hajawika, anavuka jiji zima kwenda kuchonga vinyago, anavuka tena kurudi. Mwezi wa kumi na moja akaja na habari kwamba amepata vyumba vya kupanga. Wapi? Madale. Mwenye nyumba amekubali kumshikia mpaka Ijumaa.

"Mama Ana, vyumba ni vizuri," aliniambia tukiwa tunakula. "Ila kaangalie shule kwanza. Kama shule yenyewe haieleweki, bora tubanane hapa hapa."

Hapo sikuwa na la kubisha. Binti yetu Anastasia yuko darasa la nne kwenye shule ya serikali iliyo jirani nasi, na darasani kwao wako mia moja sabini na tatu. Nilikwenda kuwahesabu mwenyewe. Ana anakaa sakafuni, daftari ameliweka mapajani, ndiyo maana herufi zake zote zimelala upande. Mwaka mzima mwalimu wake hajajua jina lake, anamwita "wewe mwenye kilemba," kwa sababu siku moja nilimfunga kitambaa kichwani akiwa na vipele. Januari anaingia darasa la tano. Akifika la saba bila kukaa kwenye dawati, najua atakapoishia, maana nimeshafika huko.

Nikampigia Marietha, kwa adabu, nikamwuliza habari za shule ya Hope.

"Dada, shikamoo. Usije kwanza," akasema haraka. "Subiri Ijumaa, ntakwambia."

"Marahaba. Nisubiri nini? Mie nataka tu kuiona."

"We subiri dada, niamini. Na usiende kuulizauliza pale shuleni."

Nilikata simu moyo unanichemka. Mtu anayejisifia shule kwa picha, leo hataki niisogelee. Nikajua anaogopa. Anaogopa Ana aje akae dawati moja na Hope, maana wote wako la nne, halafu hiyo namba mbili ihame. Miaka yote hii nimemtazama yeye akiwa mbele. Kumbe na yeye ana kitu cha kulinda. Jumatano nikafunika cherehani, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda.

Shule mimi siikagui kuanzia ofisini. Ofisini utapewa kiti na maneno mazuri. Mimi naanzia getini, kwa anayeuza mihogo, maana yeye anawaona walimu wanaochelewa na watoto wanaotoroka. Pale Mtondoo alikuwepo mama mmoja wa Kimakonde, Mwanaheri, na tulipotambuana kwamba wote ni wa kusini akanisogezea ndoo niikalie.

"Shule hii ikoje, mama?" nikamwuliza.

"Ipi? A au B?"

Sikumwelewa. Akacheka, akanionyesha kwa kisu cha mihogo. Kumbe uwanja ni mmoja, geti moja, bomba la maji moja, lakini shule ni mbili. Watoto walipozidi, shule ilikatwa katikati. Kulia ni Mtondoo A, na kushoto ni Mtondoo B, kila moja na mwalimu mkuu wake, na hawaingiliani. Sare ni ileile, kinachowatenganisha ni sweta, vazi ambalo kwa joto la Dar hakuna anayelihitaji. A ni la kijani, B ni la bluu. Hata kengele ni mbili. A wana kengele ya umeme. B wanagonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti.

"A ndo shule yenyewe," akasema Mama Mwanaheri. "Madawati yapo, walimu wapo, la saba wanafaulu mpaka unachoka kupiga makofi. B wanasoma tu, hivyo hivyo. Watu wa huku wakisema Mtondoo bila kutaja herufi, ujue mtoto wao yuko B."

Nikatoa simu, nikaifungua ile picha. Ukuta ulikuwa wa A, wenye rangi mpya. Hope mbele yake alikuwa amevaa sweta la bluu.

Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi nikiwa nimekalia ndoo ya mtu, mhogo mkononi, nikacheka peke yangu mpaka yule mama akanitazama. Namba mbili ya B. Familia nzima imempongeza kwa ukuta usio wake. Nikajiona nimepumua pumzi ambayo nilikuwa nimeibana tangu mwaka niliofeli.

Wakati wa mapumziko nikaingia kukagua. Upande wa B niliupita kwa haraka, na kwa raha. Watoto wanne dawati moja, kioo cha dirisha kimezibwa kwa boksi. Upande wa A nikaenda taratibu. Vyoo vina milango na milango ina komeo. Nikamwomba msichana mmoja daftari lake, kwa sababu ukitaka kumjua mwalimu angalia kama anasahihisha. Wino mwekundu kila ukurasa, na pembeni mwalimu ameandika, "Editha, g yako ina mkia mfupi." Nilisimama pale na daftari la mtoto wa watu, machozi yakanilenga. Mwalimu ameona mkia wa herufi moja, tena kwa mtoto anayemjua jina. Nikasema Ana atasoma hapa. Siyo B. Hapa. Na Marietha atapita kila asubuhi na Hope wake wa bluu, anamwona wangu wa kijani.

Mwalimu mkuu wa A anaitwa Kokuberwa, mama wa Kihaya, mpole wa sauti, mezani ana rula ndefu ya mbao na daftari kubwa lililofunikwa kwa gazeti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama, karibu ukae."

Nikamweleza kwamba tunahamia mtaa huu, nina binti wa kuingia darasa la tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Darasa la tano Januari nina nafasi moja, mama. Moja tu. Nayo imeshachukuliwa wiki iliyopita."

"Na nani, mwalimu?"

"Kuna mama mmoja hapa jirani, karani. Mama Hope. Amekuja ofisini kwangu mara tano. Mara ya tano kaja na barua ya serikali ya mtaa, basi nikamwandikia."

"Anamtoa Hope B?"

"Hapana, Hope anabaki kule kule. Kaombea binti mwingine anayekaa naye. Sisi hatupokei mtoto asiyekaa mtaa huu, tungekuwa tumeshafurika."

Binti mwingine. Nikajua mara moja. Valerian ana dada yake, Sekela, anakaa Ubungo, na Sekela ana binti wa umri huo ambaye kila likizo yuko kwa Marietha. Nafasi moja iliyopo, mdogo wangu wa tumbo moja ameipeleka ukweni. Mtoto wa wifi apate A, mtoto wa dada asubiri Ijumaa. Ndiyo maana alisema nisiulizeulize. Hiyo Ijumaa ningeambiwa pole dada, pamejaa.

"Mwalimu," nikasema, "mie sipendi kuharibiana na mtu. Lakini huyo Mama Hope ni mdogo wangu kabisa. Nyumbani kwake kuna mtoto mmoja tu, huyo Hope. Binti mwingine anayekaa pale hakuna."

"Una hakika?"

"Mie ni dada yake. Hiyo barua ni ya uongo."

Mwalimu Kokuberwa alivua miwani. "Mama, nikifuta humu, huwa sirudishi. Nina wazazi kumi na mmoja kwenye orodha, na kila mmoja nilimwambia maneno hayo hayo, asiyekaa mtaa huu simpokei. Nikimpindishia mmoja nimekwisha. Una hakika?"

Alinipa nafasi ya kunyamaza. Naikumbuka vizuri ile nafasi, ilitosha kabisa mtu kuinuka, kuaga na kwenda zake.

"Futa," nikasema.

Akafungua daftari, akaweka rula, akachora mstari mwekundu ulionyooka kutoka mwanzo wa jina mpaka mwisho. Alifanya bila haraka. Kisha akafunua ukurasa wa orodha ya wanaosubiri.

"Haya. Na wa kwako nimweke hapa, awe wa kumi na mbili. Anaitwa nani?"

"Anastasia Gervas."

Kalamu ikasimama. Akanitazama, akarudi ukurasa wa nyuma, akaligeuza daftari likanielekea mimi. Chini ya mstari mwekundu palikuwa pameandikwa Anastasia Gervas, darasa la V, anaishi kwa mama yake mdogo.

Sikumbuki nilisema nini kwanza. Nakumbuka nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba ni kweli anakaa kwa Marietha, na mwalimu akaniuliza kwa upole uleule, "Wewe mwenyewe unakaa wapi?" Nikasema Mbagala. "Na mtoto?" Nikaanza kueleza vyumba, mwenye nyumba, Ijumaa, Mwenge. Nikasema Januari tutakuwa hapa kweli, barua itakuwa ya kweli.

"Ningepokea barua ile Januari bila swali," akasema. "Lakini umeniambia kwa mdomo wako kwamba ni ya uongo. Siwezi kujifanya sijasikia. Atachukua wa kwanza kwenye orodha." Akalifunga daftari, akaniandika wa kumi na mbili kwenye karatasi ya pembeni, nadhani kwa kunionea huruma tu.

Nilitoka nikakaa tena kwenye ndoo. Mama Mwanaheri aliendelea kumenya mihogo yake. Simu ikaita, jina la Marietha likajaa kwenye kioo. Nikaiacha iite, ikakatika, ikaita tena. Nikapokea.

"Dada, nilitaka nikwambie Ijumaa mkishashika vyumba, nimeshindwa kuvumilia," alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Ana kapata nafasi. A, dada, sio B. Hope mie nilichelewa kumwombea, akaangukia B, na naonaga aibu hata kusema. Shemeji aliponidokeza kwamba anatafuta vyumba huku, nikasema safari hii akae A hata mmoja wetu. Sikukwambia mapema kwa sababu nakujua, nikikusaidia unanuna. Hata sweta nimeshamnunulia. La kijani."

Unajua kitu cha kwanza kilichonijia? Haikuwa shukrani, wala haikuwa Ana. Niliona wivu. Hata roho amenizidi. Miaka yote nilikuwa nahesabu nyumba yake na kazi yake, kumbe hivyo vilikuwa vidogo.

"Ila dada, kuna kitu," akaendelea, ameshusha sauti. "Ilibidi niseme Ana anakaa kwangu. Kwa hiyo ukija, hilo la Mbagala lisikutoke mdomoni, mwalimu yule hana mchezo. Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia."

Mapumziko yakaisha. Kengele ya umeme ya A ikalia kidogo, ikakata. Halafu upande wa pili mtu akaanza kugonga ile rimu ya lori, kwa nguvu, na watoto wa masweta ya bluu wakapita mbele yangu wanakimbia.

Nilisikia Marietha anavyosikiliza.

"Hiyo si rimu ya B?" akauliza. "Dada, uko shuleni?"

"Nimekuja kuangalia shule."

Rimu iligongwa mara ya mwisho. Kicheko kilikuwa kimeisha kwenye sauti yake.

"Lakini hujaongea na mtu," akasema. "Eti dada? Hujaongea na mtu."